Chen Sheng: kibarua aliyekuwa mfalme kwa miezi sita na kuling'oa dola la Qin

Mwaka 221 KK ufalme wa Qin ulimaliza kuzimeza falme sita jirani zake, na China ya wakati huo ikawa chini ya mtawala mmoja kwa mara ya kwanza. Haikutimia miaka 15, dola hilo likasambaratika. Aliyelitikisa wa kwanza hakuwa mwana wa mfalme wala jemadari. Alikuwa Chen Sheng, kibarua wa kulima mashamba ya watu. Aliasi katika mwezi wa saba wa mwaka 209 KK, akajitangaza mfalme muda mfupi baadaye, na mwanzoni mwa 208 KK akauawa na mwendesha gari wake mwenyewe.

Kisa chake kimezoeleka kusimuliwa hivi: mvua ilinyesha, sheria ilikuwa katili, watu wakaasi, kisha kiongozi akalewa madaraka, akaanguka. Maelezo hayo hayajibu swali gumu kuliko yote: iweje mtu ashindwe vibaya namna ile ndani ya miezi sita, na bado uasi wake uendelee bila yeye mpaka ukaling'oa dola alilolipinga? Nadhani majibu ya pande zote mbili za swali hilo yamo katika sentensi moja aliyoitamka siku ya kwanza. Lakini tuanze na mvua.

Mvua ya Dazexiang

Karibu kila tunachokijua kuhusu Chen Sheng kimetoka kwa Sima Qian, mwandishi wa kitabu cha historia kiitwacho Shiji, aliyeandika miaka kama 100 baada ya matukio. Anasema watu 900 maskini walikusanywa kwenda kulinda mpaka huko Yuyang, karibu na Beijing ya leo. Chen Sheng na mwenzake Wu Guang walikuwa miongoni mwao, wakiwa wamepewa usimamizi wa vikosi vidogo, na juu yao walikuwapo maofisa wawili wa Qin. Walipofika Dazexiang, katika mkoa wa Anhui wa leo, mvua kubwa ilifunga njia. Wakapiga hesabu, wakaona hawatafika kwa wakati. Kuchelewa, asema Sima Qian, adhabu yake kisheria ilikuwa kukatwa kichwa.

Kwa zaidi ya miaka 2,000 hakuna aliyekuwa na namna ya kulihakiki neno hilo. Kisha mwishoni mwa mwaka 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la karani mmoja wa Qin aitwaye Xi, aliyefariki karibu mwaka 217 KK. Alizikwa na nyaraka zake za kazi: vipande zaidi ya 1,100 vya mwanzi vilivyoandikwa kwa wino, vikiwa vimepangwa kando ya mwili wake. Ndani yake zimo sheria za Qin zenyewe, na mojawapo inahusu watu waliochelewa kufika kwenye kazi za shokoa. Ukichelewa siku tatu hadi tano, unakaripiwa. Siku sita hadi kumi, unatozwa faini yenye thamani ya ngao moja. Zaidi ya siku kumi, faini inapanda kuwa vazi moja la kivita. Mvua ikizuia kazi, wito unafutwa.

Mtu akisoma hapo anaweza kuruka haraka na kusema Chen Sheng aliwadanganya wenzake. Mimi siendi haraka hivyo. Sheria ile inahusu vibarua wa shokoa, si watu wanaopelekwa kulinda mpaka, na jeshi popote lina sheria zake. Isitoshe, Xi alifariki miaka kama minane kabla ya uasi, na katikati hapo kiti cha enzi kilibadilika mikono. Kaizari wa kwanza, Qin Shi Huang, alifariki safarini mwaka 210 KK. Waziri mkuu Li Si na towashi Zhao Gao wakaghushi wosia, mwana mkubwa Fusu akaamriwa ajiue, naye akajiua. Mdogo wake Huhai akatawazwa kaizari wa pili, na utawala wake unaelezwa kuwa mkali kuliko wa baba yake.

Kinachonivutia zaidi ni maneno ya Chen Sheng mwenyewe mbele ya wale 900, kama yalivyohifadhiwa na Sima Qian. Alisema wote wamechelewa na adhabu ni kifo. Halafu akaongeza kwamba hata wasipokatwa vichwa, katika kila watu kumi wanaopelekwa mpakani, sita au saba hufia huko. Mtu mwenye hakika kwamba kila aliye mbele yake anaamini habari ya kukatwa vichwa hana haja ya kuongeza neno hilo. Lile ni jibu lililoandaliwa kwa mwenye shaka, kwa yule anayenong'ona nyuma kwamba huenda tukasamehewa. Anamwambia: tuseme umesamehewa, huko unakokwenda utarudi? Iwe sheria ilisema hivyo au vinginevyo, watu wale walikuwa wameshawaona jirani zao wakichukuliwa kwenda kujenga kuta, barabara na makaburi ya wakubwa, wasirudi.

Zaidi ya hayo, ile ilikuwa ardhi ya Chu ya zamani. Qin ilikuwa imeuteka ufalme wa Chu mwaka 223 KK, miaka 14 tu nyuma, na mtu mzima yeyote katika kundi lile alikumbuka maisha ya kabla ya Qin. Mvua iliwakusanya mahali pamoja wakiwa wamekwama, hawana la kufanya ila kuzungumza.

Samaki, mbweha na majina ya kuazima

Maandalizi yao yalikuwa ya werevu sana. Waliandika kwa rangi nyekundu juu ya kipande cha hariri, "Chen Sheng mfalme," wakakisokomeza ndani ya tumbo la samaki aliyevuliwa na watu wengine. Askari wakamnunua samaki kwa ajili ya chakula, wakampasua, wakakuta maandishi. Usiku Wu Guang akajificha kwenye hekalu dogo lililokuwa vichakani karibu na kambi, akawasha moto ndani ya kikapu, akalia kama mbweha: "Chu kuu itainuka, Chen Sheng atakuwa mfalme." Kulipokucha watu walikuwa wakinong'onezana na kumtazama Chen Sheng kwa macho mengine.

Kisha Wu Guang, aliyependwa na wenzake, akangoja mpaka ofisa mmoja alipolewa, akaanza kusema kwa sauti kwamba atatoroka. Alikuwa anachokoza makusudi. Ofisa akamchapa mbele ya watu, watu wakakasirika, upanga ukachomoka alani. Wu Guang akaunyakua na kumuua ofisa. Chen Sheng akasaidia, na ofisa wa pili akauawa pia.

Hapo ndipo ikatoka sentensi niliyoitaja. Chen Sheng aliwauliza wenzake: wafalme, makabaila, majemadari na mawaziri, je, wana mbegu yao?

Tuitazame kwa makini, maana uzito wake haukuwa mdogo. Falme zote zilizoitangulia Qin zilisimama juu ya ukoo: mfalme ni mtoto wa mfalme, na mababu zake wana mahekalu yao. Qin yenyewe, pamoja na kuwapandisha vyeo watu wa kawaida jeshini, iliongozwa na ukoo wa kale wa kifalme. Kibarua kuuliza swali lile hadharani, miguuni pake pakiwa na maiti mbili za maofisa wa dola, halikuwa jambo lililozoeleka.

Lakini siku hiyo hiyo Chen Sheng na Wu Guang hawakulitegemea swali hilo peke yake. Walitangaza kwamba wanapigana kwa jina la Fusu, yule mwana wa kaizari aliyedhulumiwa, na kwa jina la Xiang Yan, jemadari wa Chu aliyepambana na Qin. Ukiyaweka majina hayo pamoja, yanagongana: mmoja ni mrithi halali wa Qin, mwingine ni adui wa Qin. Kila jina lilikuwa na wasikilizaji wake. Watu wengi hawakujua kwamba Fusu amekufa, na wengine waliamini Xiang Yan yu hai mafichoni. Kwa hiyo uasi ulianza na mguu mmoja katika wazo jipya kwamba yeyote anaweza kutawala, na mguu mwingine katika wazo la zamani kwamba lazima litafutwe jina kubwa la kusimama nyuma yake.

Uamuzi wa mji wa Chen

Ndani ya wiki chache miji ilianguka mmoja baada ya mwingine. Walipoufikia mji wa Chen, ambao ni Huaiyang ya leo katika mkoa wa Henan na uliowahi kuwa makao makuu ya Chu, walikuwa na magari ya vita 600 au 700, wapanda farasi zaidi ya 1,000, na askari wa miguu makumi ya maelfu. Wazee wa mji wakamwomba Chen Sheng awe mfalme.

Wasomi wawili waliokuwa wakitafutwa na Qin, Zhang Er na Chen Yu, wakampa ushauri tofauti. Usijitangaze mfalme sasa, walisema. Nenda magharibi haraka, na kila mahali watafute wazao wa falme sita uwarudishe kwenye viti vyao. Hivyo utajiongezea marafiki na kuiongezea Qin maadui. Ukijifanya mfalme hapa, dunia itaona unajitafutia makuu.

Alikataa. Akawa mfalme, na dola lake likaitwa Zhang Chu. Wengi wamemlaumu kwa hilo tangu enzi zile, lakini mimi namwelewa. Mtu aliyelima mashamba ya wengine maisha yake yote anaambiwa amwage damu, kisha awakabidhi ushindi watoto wa wale wale waliomiliki mashamba. Akikubali, swali lake la Dazexiang linakuwa maneno matupu.

Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa na gharama. Chen Sheng hakuwa na ukoo, hakuwa na cheo cha zamani, hakuwa na miaka ya ushindi nyuma yake. Alikuwa mfalme kwa sababu alikuwa na askari na kwa sababu alisema mbegu haina maana. Basi kila aliyekuwa na askari angeweza kusema maneno yale yale.

Kila aliyetumwa akawa mfalme

Chen Sheng alituma majeshi pande zote. Wu Chen, rafiki yake wa zamani, alipewa watu 3,000 aende kaskazini katika nchi ya Zhao, na walewale Zhang Er na Chen Yu wakaenda naye. Miji zaidi ya 30 ikajisalimisha bila vita. Katika mwezi wa nane, mwezi mmoja tu baada ya Dazexiang, Wu Chen akajitangaza mfalme wa Zhao.

Chen Sheng alighadhibika, akataka kuwaua jamaa za Wu Chen waliokuwa mikononi mwake. Akashauriwa kwamba kufanya hivyo ni kujizalia Qin ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza. Akameza hasira, akatuma salamu za pongezi, na kumtaka Wu Chen apeleke jeshi magharibi kuishambulia Qin. Wu Chen hakupeleka. Badala yake alimtuma karani wa zamani aitwaye Han Guang kaskazini zaidi, kwenye nchi ya Yan. Han Guang alipofika, wakubwa wa Yan wakamwomba awe mfalme wao. Akasita kwa sababu mama yake alikuwa nchini Zhao. Wakamjibu kwamba Chu, pamoja na nguvu zake, haikuthubutu kuwagusa jamaa za mfalme wa Zhao. Zhao itathubutu vipi kumgusa mama yako? Akakubali, na miezi michache baadaye Wu Chen akampelekea mama yake salama.

Mtu aliyetumwa na mtu aliyetumwa amekuwa mfalme, na hoja aliyoitumia ni udhaifu ule ule ambao bwana wake aliutumia dhidi ya Chen Sheng.

Mashariki, huko Qi, Tian Dan wa ukoo wa kifalme wa zamani alimuua hakimu wa Qin na kujitawaza, kisha akalipiga jeshi la Chen Sheng na kulifukuza. Jemadari wa jeshi hilo, Zhou Shi, aliiteka nchi ya Wei, na watu wakamtaka awe mfalme. Huyu peke yake alikataa cheo. Lakini naye akashikilia kwamba Wei lazima iwe na mfalme wa ukoo wa Wei, na wajumbe wakaenda na kurudi mara tano mpaka Chen Sheng akamwachia Wei Jiu, aliyekuwa mjini Chen, aende akatawazwe.

Ndani ya miezi michache ramani ya falme za zamani ilikuwa imeanza kurudi, na Chen Sheng hakuwa na amri juu ya karibu sehemu yoyote yake.

Magharibi peke yake

Lengo lenyewe lilikuwa Xianyang, makao makuu ya Qin. Huko alitumwa Zhou Wen, mzee wa mji wa Chen ambaye zamani alikuwa mtabiri wa siku njema katika jeshi la Xiang Yan. Wakulima walijiunga naye njiani, na alipovuka ngome ya Hangu alikuwa na magari 1,000 na, kwa maelezo ya Sima Qian, watu mamia ya maelfu. Akapiga kambi mahali paitwapo Xi, karibu kabisa na makao makuu.

Ikulu ya Huhai ilishikwa na hofu. Aliyeiokoa ni Zhang Han, ofisa aliyependekeza kuwasamehe na kuwapa silaha wafungwa waliokuwa wakijenga kaburi la Qin Shi Huang chini ya mlima Li. Ndilo kaburi lile lile ambalo karibu yake wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974 waligundua askari wa udongo. Wajenzi wake wa kweli, watu wenye nyama na damu, wakageuzwa jeshi kwa siku chache na kulivunja jeshi la Zhou Wen. Akarudi nyuma, akapigwa tena na tena, mwishowe akajiua.

Maelezo ya kawaida ni kwamba wakulima wasio na mafunzo walikutana na jeshi halisi. Sehemu ni kweli, ila jeshi la Zhang Han nalo lilianza na wafungwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba Zhang Han alikuwa na dola moja nyuma yake linalomtii, na Zhou Wen hakuwa na yeyote. Jeshi la Zhao halikuja. Yan haikuja. Qi ilikuwa adui. Wu Guang alikuwa amekwama akiuzingira mji wa Xingyang, uliolindwa na Li You, mtoto wa waziri Li Si.

Na Wu Guang mwenyewe hakupona. Makamanda wake, wakiongozwa na Tian Zang, waliona hajui vita, wakaghushi amri ya mfalme, wakamuua na kukipeleka kichwa chake kwa Chen Sheng. Mwenzake wa tangu siku ya samaki, kichwa chake kiko mezani. Chen Sheng akampa Tian Zang muhuri wa waziri mkuu na cheo cha jemadari mkuu. Hakuwa na nguvu ya kufanya vinginevyo. Tian Zang akaenda kupambana na Zhang Han, akafa vitani.

Mgeni kutoka shambani

Wakati wa kulima, Chen Sheng aliwahi kupumzika kwenye tuta la shamba na kuwaambia vibarua wenzake kwamba atakayetajirika asiwasahau wengine. Wakamcheka. Akajibu kwamba shomoro na mbayuwayu hawawezi kuijua nia ya bata bukini.

Mmoja wao alisikia kwamba Chen Sheng sasa ni mfalme, akaja kugonga lango akisema anataka kumwona. Walinzi nusura wamfunge kamba. Mfalme alipotoka, mtu huyo akamwita kwa jina lake njiani, na Chen Sheng akampandisha garini. Alipoziona kumbi na mapazia, alistaajabu kwa sauti, kwa lafudhi ya Chu, jinsi rafiki yake alivyoneemeka. Akakaa, akawa anaingia na kutoka kwa uhuru na kusimulia habari za zamani za mfalme. Mtu akamwambia Chen Sheng kwamba mgeni yule mpumbavu anamshushia hadhi. Mgeni akakatwa kichwa. Rafiki wengine wa zamani wakaondoka mmoja mmoja.

Wakati huo pia alikuwa amewaweka watu wawili, Zhu Fang na Hu Wu, kuwachunguza maofisa, nao wakawafunga na kuwaadhibu majemadari kwa makosa madogo na kwa chuki zao binafsi. Sima Qian anaona hapo ndipo majemadari walipoacha kumpenda, na kwamba ndiyo sababu ya kuanguka kwake.

Simpingi, lakini naitazama pamoja na mambo ya Wu Chen na Tian Zang. Waliokuwa mbali na wenye majeshi aliwapongeza hata walipomsaliti. Waliokuwa karibu na wasio na kitu aliwaua kwa sababu ya utani. Kiburi peke yake hakielezi tofauti hiyo. Ni mtu ambaye mamlaka yake yamebaki ndani ya kuta za mji mmoja, naye anayatumia pale tu yanapofika. Kibarua yule aliuawa kwa sababu alikuwa ushahidi unaotembea kwamba mfalme hana mbegu ya kifalme, jambo ambalo Chen Sheng mwenyewe alilitangaza kwa fahari miezi michache nyuma.

Zhang Han alipoufikia mji wa Chen, mfalme alikimbia. Huko Xiachengfu mwendesha gari lake, Zhuang Jia, akamuua na kujisalimisha kwa Qin.

Kilichobaki baada yake

Kama uasi ungekuwa wa mtu mmoja, ungeishia hapo. Lakini ule mtiririko wa wafalme uliomdhoofisha ndio ulioifanya Qin ishindwe kuumaliza. Hapakuwa na kichwa kimoja cha kukata. Lü Chen, mfuasi wake, aliurudisha mji wa Chen na kumuua Zhuang Jia. Mtu mwingine, Shao Ping, alijifanya ana amri ya Chen Sheng, akampa Xiang Liang, mtoto wa Xiang Yan, cheo kikubwa cha Chu. Na Xiang Liang akavuka mto Yangtze na askari 8,000. Jina la mfalme aliyeshindwa lilikuwa bado linasukuma majeshi.

Mzee Fan Zeng alimwambia Xiang Liang kwamba Chen Sheng alianguka kwa sababu alijitawaza badala ya kumweka mzao wa Chu. Akatafutwa mjukuu wa mfalme, akakutwa akichunga kondoo, akawekwa kwenye kiti. Dawa hiyo haikudumu: Qin ilipoanguka, Xiang Yu, mpwa wa Xiang Liang, alimwondoa mchungaji yule na kuagiza auawe. Aliyebaki na nchi mwaka 202 KK ni Liu Bang, mtoto wa mkulima, ofisa mdogo wa kijijini. Naye alikutana na tatizo la Wu Chen: mwaka 203 KK jemadari wake Han Xin, akiwa ameiteka Qi, aliomba afanywe mfalme. Liu Bang alikasirika, akazuiwa na washauri, akampa. Ila Han Xin hatimaye alikuja kupigana, na vita vilipokwisha Liu Bang akamnyang'anya ufalme huo.

Akiwa kaizari, Liu Bang aliweka kaya 30 kulitunza kaburi la Chen Sheng huko Dang. Katika kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa miaka ya 1970, iko orodha ya miaka iliyoandikwa juu ya hariri. Kati ya miaka ya Qin Shi Huang na ile ya Han, dola la Liu Bang, limeandikwa jina la Zhang Chu, na Huhai hana nafasi. Sima Qian naye alimweka Chen Sheng katika sehemu ya Shiji inayohusu koo kubwa zilizorithishana utawala, ingawa hakumwachia mtu yeyote kiti, kwa hoja kwamba wale aliowatuma na kuwaweka ndio walioiangamiza Qin. Karibu karne mbili baadaye mwanahistoria Ban Gu, alipoandika historia ya Han, alimtoa huko na kumrudisha miongoni mwa watu binafsi. Kwa hoja ya ukoo, Ban Gu alikuwa sahihi. Kwa hoja ya nani alifungua njia aliyoipita Liu Bang, nasimama na Sima Qian.